Maswali yanayoulizwa sana kuhusu tekscha ya chakula: chapati ngumu, ugali wa mabuja, maharage yasiyoiva na mengineyo

Tekscha ya chakula ndo nini hasa?

Ni vile chakula kinavyojisikia ukikishika, ukikitafuna na ukikimeza. Kigumu, laini teketeke, kinanata, kinavutika, kinateleza, kina mchangamchanga, kimekauka, kinalia kachakacha. Ladha ni habari ya ulimi na pua, hii ni habari ya meno, fizi, kaakaa, vidole, na hata masikio kama utakavyoona chini. Nimeandika ukurasa huu kwa sababu maswali ya jikoni ninayoulizwa mengi yanakuja kwa jina la ladha lakini shida yenyewe iko hapa, mtu anakwambia wali wangu hauna utamu, ukimuuliza chumvi vipi anasema iko sawa, nazi vipi anasema iko sawa, ukikaa nae kidogo ndo unagundua wali umekuwa bokoboko. Huyo hata umuongezee viungo vyote vya sokoni hatapona, anachotakiwa kurekebisha ni maji, moto na muda, na hivyo vitatu ndo vitajirudia humu mpaka mwisho.

Hivi kuna watu wamewahi kukaa wakalichunguza jambo hili kisayansi?

Wapo, tena zamani. Alina Szczesniak alikuwa mtaalamu wa chakula kwenye kampuni ya General Foods huko Marekani, na mwaka 1963 alitoa mpangilio wake wa kuichambua tekscha vipande vipande: ugumu, kushikamana, kurudi kwenye umbo baada ya kubonyezwa, uzito wa kile kinachotiririka, na kunata kwenye meno na kaakaa. Wenzake kwenye kampuni hiyohiyo wakatengeneza mashine inayoiga taya, inakibonyeza chakula mara mbili mfululizo kama mtu anayetafuna, inapima nguvu iliyotumika. Mpaka leo viwanda vya mikate, jibini na soseji vinapima kwa njia hiyo ya kung'ata mara mbili. Hayo mambo ya "laini" na "gumu" tunayoyasema mezani yana vipimo kabisa.

Kwa nini chapati zangu zikipoa zinakuwa ngumu?

Swali hili ndo namba moja, linaulizwa Dar, linaulizwa Nairobi, linaulizwa na wanaopikia watoto Minneapolis na Muscat, kwahiyo nalijibu kwa kirefu.

Unga wa ngano ukikutana na maji na ukakandwa, protini zake zinashikana zinatengeneza nyuzinyuzi zinazovutika, ndo gluteni hiyo. Ukikanda donge likawa gumu gumu na hapohapo ukaanza kusukuma, utaona chapati inajirudi, unasukuma inakuwa pana, ukiinua mkono inanywea. Hiyo ni gluteni imekaza. Suluhisho lake ni kuiacha ipumzike, funika unga kwa kitambaa kibichi au mfuko nusu saa hivi au zaidi, kisha kata madonge, paka mafuta, kunja, acha tena kidogo ndo usukume. Wanaoruka hatua hii wanaishia kuongeza unga mkavu kwenye kibao ili isinate, na ule unga mkavu nao unaikausha chapati zaidi.

La pili ni maji. Watu wanaogopa unga mlaini kwa sababu unanata mikononi, wanaweka maji kidogo, basi chapati inaanza safari ikiwa imeshakauka. Unga wa chapati unatakiwa uwe laini kiasi cha kukusumbua kidogo mwanzoni, ukiendelea kukanda utatulia wenyewe. Ukitumia maji ya moto (sio yanayochemka, ila ya moto sana) sehemu ya wanga inaiva palepale kwenye bakuli na kushika maji mengi zaidi, na gluteni haikazi sana, ndo maana za maji ya moto zinabaki laini mpaka kesho yake. Mafuta au samli ndani ya unga nayo inazizuia zile nyuzi zisishikane kupita kiasi.

La tatu ni moto, na hapa ndo wengi wanakwama. Moto mdogo unaharibu chapati! Inakaa muda mrefu juu ya chuma, maji yote yanatoka, ukija kuitoa ni biskuti. Chuma kipate moto vizuri kwanza, chapati iive haraka, ukiona madoadoa ya kahawia geuza, mafuta, geuza, toa. Na ukishatoa usiitandaze kwenye sinia kubwa ipigwe upepo, ibebanishe na wenzake na uzifunike kwa kitambaa au uziweke kwenye hotipoti, ule mvuke wake mwenyewe ndo unaoilainisha.

Na zile tabaka za kuchambuka zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye mafuta unayopaka kabla ya kukunja. Mafuta yanazuia ukurasa mmoja wa unga usigandane na mwingine, kisha chapati ikipata moto mvuke unaingia katikati na kuzitenganisha. Ukipaka mafuta kidogo sana, au ukikandamiza sana wakati wa kusukuma, kurasa zinarudi kuwa kitu kimoja.

Ugali wangu una mabuja kila siku, nakosea wapi?

Kipande kidogo cha unga mkavu kikidondokea kwenye maji yanayochemka, nje yake inaiva papo hapo na kuwa kama ngozi, na hiyo ngozi inazuia maji yasiingie ndani. Wanga wa mahindi unaanza kunywa maji na kuvimba kwenye nyuzijoto kama 62 hadi 72, kwahiyo kwenye maji ya 100 hakuna muda wa kusubiri, buja limeshazaliwa. Pasua buja uone, ndani ni unga mweupe mkavu kabisa, haujaguswa.

Ndo maana wazazi wetu walikuwa wanakoroga kwanza unga kidogo na maji ya baridi, wanamimina kwenye sufuria, wanaacha uji uchemke vizuri, halafu ndo wanaongeza unga kidogo kidogo huku wanasonga. Kwenye maji ya baridi unga unatawanyika punje kwa punje kabla haujaiva. Uji wa mtoto nao ni hivyohivyo. Kama mabuja yameshatokea usiongeze unga, punguza moto, nyunyiza maji ya moto kidogo, yabonyeze kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, kisha funika dakika chache ule mvuke umalizie kazi.

Sembe na dona mbona havifanani mdomoni wakati yote ni mahindi?

Sembe imekobolewa, ganda na kiini vimetolewa, imebaki sehemu ya wanga, kwahiyo inakuwa laini na nyeupe. Dona imesagwa na vyote, yale maganda yaliyosagika ndo unayasikia kama mchangamchanga, na kwa afya dona imeshiba zaidi nyuzinyuzi, mafuta na vitamini. Anayeona dona inakwaruza, asage laini zaidi na auache uji uchemke muda mrefu kidogo kabla ya kusonga. Mi naona watoto wengi wanaikataa dona sababu imesongwa haraka haraka.

Na ugali wa muhogo mbona unavutika?

Aina ya wanga. Wanga una sehemu mbili kuu, amilosi na amilopektini. Ule wa muhogo una amilosi kidogo kuliko wa mahindi, ukiiva unatoa kitu chenye kuvutika na kung'aa, na ukipoa haugandi haraka hivyo.

Nataka wali uchambuke punje punje, unakuwa uji. Kwanini?

Anza na mchele wenyewe. Mchele wenye amilosi nyingi unachambuka, wenye amilosi kidogo unanata, na ule wa kunata wanaokula Laos na kaskazini mwa Thailand amilosi yake ni karibu na hakuna. Kwahiyo mchele uliozaliwa kunata hata uupikeje hautafanana na Basmati, usijilaumu. Pia mchele mpya wa shambani unashika maji tofauti na mchele uliokaa stoo miezi kadhaa, ule mpya unataka maji pungufu, wa zamani unataka zaidi na unachambuka vizuri. Anayenunua mchele wa Mbeya au pishori ya Mwea amuulize muuzaji ni wa msimu gani, atapata jibu la maana kuliko kuuliza "huu unatumia vikombe vingapi".

Kisha osha mchele mpaka maji yaanze kuwa meupe kidogo tu, ule unga wa juu ya punje ndo gundi. Maji yakishakauka, usikoroge koroge, kila ukikoroga unavunja punje na kutoa wanga nje. Funika, punguza moto uwe wa chini kabisa, na anayepikia mkaa apalie juu ya mfuniko, joto la juu linakausha maji yaliyobaki juu wakati chini unapungua moto. Ukizima acha dakika kumi hivi bila kufunua. Naona watu wanaharibu wali mzuri dakika za mwisho kwa haraka ya kupakua, punje bado ina maji nje na wanga haujatulia, ukiingiza mwiko tu inapondeka.

Ukoko nao usiutupe jamani. Pale chini ya sufuria maji yameisha kabisa, punje zimekauka na kuanza kubadilika rangi, zimepata harufu ya kukaangwa, na kama ni wali wa nazi yale mafuta ya tui yameukaanga ukoko wenyewe. Nyumba nyingi za pwani watu wanaugombania huo, na mimi niko upande wao.

Maharage nimechemsha mchana kutwa bado magumu. Ni ya plastiki?

Hapana, yamezeeka au umeyawekea kitu kinachoyazuia. Seli za harage zimegandishwa na pektini, gundi ya asili ya mmea, ikiyeyuka harage linalainika. Vitu vinavyoizuia kuyeyuka ni asidi, yaani nyanya, ndimu, ukwaju, na chokaa iliyo kwenye maji magumu ya visima. Kwahiyo usiweke nyanya mpaka yaive kwanza! Na maharage yaliyowekwa muda mrefu sehemu yenye joto na unyevu yanapata ugumu wa ndani ambao hata kuloweka hakuusaidii sana.

Magadi yanafanya kinyume cha asidi, yanaivunja pektini haraka, ndo maana makande yenye magadi yanaiva upesi. Ila magadi yanaharibu vitamini B1 na yakizidi yanaleta ladha ya sabuni, mi nashauri uloweke usiku kucha, umwage yale maji, na magadi yabaki ya dharura. Na maharage mekundu yachemke kwelikweli, usiyaweke tu kwenye moto wa kufukuta, yana sumu ya asili ambayo inakufa kwa kuchemka vizuri tu.

Kuku wa kienyeji mgumu, kuku wa kisasa analegea. Kuna namna?

Kuku wa kienyeji ameishi muda mrefu, ametembea, amekimbizwa, kwahiyo ile nyama ngozi inayoshikilia misuli, kolajeni, imekomaa. Kolajeni haitaki haraka, inataka maji na moto wa taratibu kwa muda mrefu mpaka igeuke jelatini, hapo ndo unaona mchuzi unakuwa mzito na vidole vinanata ukila. Ukimkaanga moja kwa moja bila kumchemsha utatafuna mpaka taya ziume. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki chache tu, kolajeni yake changa, ukimchemsha kama wa kienyeji anachanika nyang'anyang'a.

Papai bichi au majani yake yanalainisha nyama kweli, yana kimeng'enya kinachokata protini. Usiiache nyama humo usiku kucha lakini, nje inakuwa kama imepondwa na ndani bado.

Pweza je?

Wavuvi wa pwani wanampiga kwenye mwamba au kwa gongo wakishamtoa majini, na sababu ni hiyohiyo, kuzilegeza nyuzi zake. Kumgandisha kwenye friza kunasaidia pia maana barafu inapasua nyuzi kutoka ndani. Baada ya hapo ni moto mdogo wa muda mrefu.

Kwanini chipsi zikifungwa kwenye mfuko zinalegea?

Mvuke. Kile kiganda cha nje kinalia kwa sababu kimekauka, ndani ya kiazi bado kuna maji mengi, ukifunga zikiwa za moto yale maji yanatoka kama mvuke yanarudi kukaa juu ya ganda. Waombe wakuwekee kwenye karatasi au waache mfuko wazi. Wanaozikaanga mara mbili, kwanza kwa moto wa wastani ziive ndani, zipoe, kisha kwa mafuta ya moto sana, wanapata ganda nene zaidi linalovumilia.

Karanga, korosho na kashata ziko hivyohivyo. Hewa ya Mombasa, Tanga na Unguja ina unyevu mwingi, ukiacha kopo wazi zinakunywa ule unyevu na kulegea. Ziweke kwenye chombo kinachoziba sawasawa, na zikishalegea zirudishe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo.

Ni kweli kwamba ukachakacha tunausikia kwa masikio?

Kweli kabisa. Mwaka 2004 Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Oxford walichapisha utafiti ambao watu walikula krispi za viazi huku wamevaa hedifoni zinazowarudishia sauti ya kutafuna kwao wenyewe. Sauti ilipoongezwa, hasa ile nyembamba ya juu, walisema krispi ni mpya na kavu zaidi, ilipopunguzwa walisema zimelala. Krispi zilikuwa zilezile.

Bamia na mlenda, mwingine anapenda unavyovutika mwingine anakimbia. Nipike vipi?

Ule uteute ni sukari ndefu ndefu zinazoshika maji. Asiyeutaka akate bamia kubwa kubwa, azikaushe vizuri, azikaange kwenye mafuta ya moto bila kufunika, kisha aweke ndimu au nyanya, asidi inaupunguza. Anayeutaka akate ndogondogo, aweke maji na magadi kidogo, unavutika mpaka basi. Hakuna aliyekosea hapo.

Mkate nikiuweka kwenye friji si unakaa zaidi?

Hauoti ukungu haraka, lakini unakuwa mgumu haraka zaidi. Wanga ulioiva ukipoa unaanza kujipanga upya na kukaza, na baridi ya friji ndo inayouharakisha. Ugali wa kiporo na wali wa kiporo umekaza kwa sababu hiyohiyo, ndo maana ukiupasha na maji kidogo unalainika tena. Mkate wa kula kesho uache nje umefungwa, wa wiki ijayo uweke friza kabisa.

Mtoto wangu ana miezi saba, nimpe uji mwepesi au mzito?

Mzito. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vya nyongeza vianze mtoto akifika miezi 6, vikiwa vimepondwa au kusagwa, karibu miezi 8 aanze pia vya kushika mwenyewe kwa mkono, na kufikia mwaka 1 ale vya familia. Uji unaomwagika kwenye kijiko kama maji unamjaza tumbo bila kumpa nguvu, tumbo lake dogo, kwahiyo uji unatakiwa ukae kwenye kijiko usianguke. Na usimsagie kila kitu kwenye blenda mpaka mwaka uishe, anatakiwa ajifunze kutafuna, mpondee kwa uma, ubakize vipande laini vya viazi, parachichi, ndizi. Karanga na korosho nzima hapana kabisa kwa mtoto chini ya miaka 5, zinakaba.

Mtoto mkubwa anakataa nyanya, mayai, maini. Ni utundu?

Mara nyingi anakataa tekscha na wewe unadhani anakataa chakula chenyewe. Anayekataa nyanya mbichi inayoteleza anaweza kula iliyokaushwa kwenye mchuzi bila neno, na yai la kuchemsha linalokataliwa likikaangwa kavu linaliwa. Badilisha mapishi kabla hujabadilisha fimbo. Akikataa karibu kila kitu na uzito unashuka, mpeleke kliniki.

Baba alipata kiharusi, akila anapaliwa. Nimpe maji maji tu?

Hapana, na hili nawaomba mlichukulie kwa uzito mkubwa. Maji matupu ndo mara nyingi yanayompalia zaidi mtu mwenye shida ya kumeza, yanakimbia kabla koo halijajifunga, yanaingia kwenye njia ya hewa na kuleta homa ya mapafu. Hospitali zinazotibu wagonjwa hawa nyingi zinatumia mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI, una ngazi 8 kuanzia 0 ambayo ni maji ya kawaida hadi 7 ambayo ni chakula cha kawaida, katikati kuna vinywaji vilivyofanywa vizito, vya kusagwa, vya kupondwa na vipande laini. Ngazi ya 5 vipande vya mtu mzima visizidi milimita 4, ngazi ya 6 visizidi sentimita 1.5.

Ngazi ipi inamfaa baba ataamua mtaalamu baada ya kumpima anavyomeza, usikisie. Akishakwambia ni ngazi ya 6, jikoni unapima hivi: chukua kipande, kibonyeze kwa mgongo wa uma mpaka ukucha wa kidole gumba ugeuke mweupe, kisha inua uma. Kikibaki kimepondeka kinafaa. Kikirudi kwenye umbo lake kirudishe jikoni kiendelee kuiva. Wakati wa kula akae wima, apewe kidogo kidogo, asiharakishwe, na asilale hapohapo akimaliza.